Aligundua sayari mbili, moja haikuwepo

Mfaransa Urbain Le Verrier aligundua sayari mbili akiwa amekaa mezani na kalamu mkononi. Ya kwanza ni Neptuni. Watoto wanaikariri darasani hadi leo, na mwaka 1989 chombo cha Voyager 2 kilipita karibu nayo na kutuma picha zake duniani. Ya pili iliitwa Vulkani. Ilipewa jina, ikakadiriwa umbali wake na siku zake za kulizunguka Jua, ikatafutwa kwa takriban nusu karne, na watu wenye heshima zao wakatangaza kwamba wameiona. Haikuwepo.

Aliyepiga hesabu ni mtu yuleyule. Njia aliyotumia ni ileile. Hata imani yake haikupungua mara ya pili. Alikufa akiamini Vulkani ipo. Ndiyo maana kisa chake kinamfaa yeyote anayejiuliza swali ambalo ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyote: mawazo yaliyomo kichwani mwa binadamu yanahusianaje na ulimwengu wa mawe, maji na nyota uliopo nje ya kichwa hicho? Swali hilo likiachwa hewani huzaa maneno mengi. Likiletwa kwenye sayari mbili, linashikika.

Sayari iliyokataa majedwali

Tarehe 13 Machi 1781, William Herschel, akiwa Bath nchini Uingereza, aliona kwa darubini yake kitu ambacho baadaye kilithibitika kuwa sayari. Ni Uranusi, ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Zile nyingine, kuanzia Zebaki hadi Zohali, zilijulikana kwa macho tangu kale. Uranusi hulizunguka Jua kwa miaka 84. Wanafalaki wakaanza kuipima inapopita na kuandaa majedwali ya kuonyesha itakuwa wapi miaka ijayo.

Majedwali yakagoma. Alexis Bouvard wa Paris alipochapisha yake mwaka 1821, alikuta kwamba vipimo vya zamani, vilivyoandikwa na watu walioiona Uranusi wakaidhania nyota, havipatani na vipya. Akaviacha vya zamani, akajenga juu ya vipya. Haikuchukua miaka mingi sayari ikapotoka tena. Kulikuwa na kipindi ilipoonekana kama inaharakishwa, na baada yake ikawa kama inazuiwa.

Maelezo yaliyowezekana yalikuwa machache. Pengine wapimaji walikosea. Pengine sheria ya mvutano ya Isaac Newton, iliyotawala elimu ya anga tangu 1687, inalegea mbali na Jua. Au kuna kitu kikubwa huko nje, hakionekani, nacho kinaivuta Uranusi. Mwaka 1845 Le Verrier, kwa kuhimizwa na François Arago, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Paris, alilibeba tatizo hilo na kushika njia ya tatu.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya kinyumenyume. Ukijua sayari iko wapi na ina uzito gani, kukokotoa inavyomvuta jirani yake ni kazi ndefu, ila unajua unakoelekea. Le Verrier alikuwa na mvuto mkononi, akawa anamtafuta mvutaji, mithili ya mvuvi wa mshipi anayehisi uzi ukivutwa usiku, akakadiria ukubwa wa samaki na upande alioko kabla hajamwona.

Tarehe 18 Septemba 1846 alimwandikia Johann Gottfried Galle wa kituo cha Berlin, akimweleza aelekeze darubini wapi. Barua ilifika tarehe 23. Galle akaomba ruhusa kwa mkuu wake, na usiku huohuo yeye na mwanafunzi Heinrich d'Arrest wakaanza kazi. Galle alikaa kwenye darubini akitaja nyota moja baada ya nyingine; d'Arrest alizikagua kwenye ramani mpya ya anga. Haukupita muda wakafikia nyota ambayo ramani haikuwa nayo. Ilikuwa chini ya digrii moja kutoka pale Le Verrier alipopataja. Usiku uliofuata ilikuwa imesogea kidogo, na nyota za kawaida hazisogei hivyo.

Walioiona bila kuijua

Neptuni ilikuwa imekwisha kuonwa. Galileo Galilei aliiweka kwenye michoro yake Desemba 1612, na tena Januari 1613, akidhani ni nyota. Kule Cambridge, James Challis, aliyekuwa akiitafuta kwa kufuata hesabu za kijana John Couch Adams, aliinakili mara mbili Agosti 1846 na isimstue, kwa kuwa hakuvilinganisha vipimo vyake kwa wakati. Adams alikuwa amefikia kwa njia yake mwenyewe jibu linalokaribiana na la Le Verrier, na Waingereza na Wafaransa waliligombania suala hilo la heshima kwa muda mrefu.

Jicho peke yake, basi, halikutosha. Nuru ya Neptuni iliingia machoni mwa Galileo zaidi ya miaka 230 kabla ya usiku ule wa Berlin, ila hapakuwa na wazo la kuipokea. Anayedai kwamba elimu ni kufumbua macho tu na kuandika unachokiona atapata shida kuueleza ukurasa huo wa Galileo.

Wapenda hesabu nao wasishangilie mapema. Le Verrier alikadiria kwamba umbali wa sayari yake kutoka kwenye Jua ni kama mara 36 ya umbali wa Dunia. Neptuni iko mara 30. Uzito alioipa ulizidi pia, na njia aliyoichorea angani si njia inayopita sayari iliyopatikana. Ilitokea tu kwamba katika miongo ile sayari ya kwenye karatasi na sayari ya kweli zilikuwa upande mmoja wa anga. Benjamin Peirce wa Chuo Kikuu cha Harvard alilisema hilo hadharani, likazua ubishi mkubwa. Lakini hata Peirce hakubisha kwamba kulikuwa na kitu kinachovuta. Fikra ilikuwa imeugusa ulimwengu, ingawa kwa pembeni.

Daktari wa kijijini

Mwaka 1859 Le Verrier, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha Paris, aligeukia upande wa pili wa mfumo wa Jua. Zebaki haizunguki kwenye duara kamili, na ile sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua husogea polepole mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya mwendo huo hutokana na mvuto wa sayari nyingine. Alipoutoa mvuto wa zote zilizojulikana, alibakiwa na mabaki ya sekunde za tao 38 kwa kila miaka 100. Baadaye Mmarekani Simon Newcomb alisahihisha hesabu, zikawa 43. Digrii moja ina sekunde za tao 3,600. Kwa mwendo huo ingechukua zaidi ya miaka 8,000 kutimiza digrii moja. Kwamba binadamu waliweza kuliona pengo dogo kiasi hicho ni ajabu ya aina yake.

Maelezo yalikuja yenyewe, maana yalikwisha kufanya kazi mara moja. Kuna mwili usiojulikana, au kundi la miili midogo, kati ya Zebaki na Jua. Kutoonekana kwake hakukumsumbua mtu: kilicho karibu hivyo na Jua humezwa na mwanga wake.

Kabla mwaka haujaisha ikaja barua. Edmond Lescarbault, daktari wa kijiji cha Orgères aliyejijengea chumba cha darubini nyumbani kwake, alisema kwamba tarehe 26 Machi 1859 aliona doa jeusi la mviringo likikatiza uso wa Jua. Le Verrier alifunga safari bila kumtaarifu, akamhoji kwa ukali, akakagua vifaa vyake, na kuambiwa kwamba hesabu nyingine daktari huziandika kwenye mbao. Alitoka ameridhika. Mwanzoni mwa 1860 sayari ikatangazwa, daktari akatunukiwa nishani ya Légion d'honneur, na jina la Vulkani, mungu wa moto wa Warumi, likashika. Ilisemekana hulizunguka Jua kwa siku 19 na ushei.

Kilichofuata ni miaka ya kungoja. Le Verrier alitabiri lini Vulkani ingepita tena mbele ya Jua. Wanafalaki wakakaa tayari, isipite. Kupatwa kwa Jua ndiko kulikotoa nafasi nzuri zaidi, kwa sababu Mwezi huuziba mwanga mkali kwa dakika chache. Tarehe 29 Julai 1878, Jua lilipopatwa Marekani, James Craig Watson akiwa Wyoming na Lewis Swift akiwa Colorado walisema wameona vitu visivyojulikana karibu na Jua. Mahali walipopataja hapakupatana. Yaelekea waliona nyota za kawaida, kwa macho yaliyokwenda pale kutafuta sayari. Misafara ya kituo cha Lick cha California, hadi mwaka 1908, haikukuta kitu.

Le Verrier hakuyashuhudia hayo. Alifariki tarehe 23 Septemba 1877, miaka 31 kamili tangu usiku wa Neptuni.

Sheria ndiyo iliyobadilika

Jibu lilitoka Berlin tarehe 18 Novemba 1915, pale Albert Einstein alipowasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Prussia hesabu za mwendo wa Zebaki kwa nadharia yake mpya ya mvutano. Sekunde 43 zilitoka kwenye hesabu bila kuongezwa sayari yoyote. Katika nadharia hiyo, mata huipinda nafasi na wakati vinavyoizunguka, na karibu na Jua mpindo huo unatosha kuisogeza njia ya Zebaki kwa kiasi kilekile kilichokosekana.

Hata hivyo, kueleza jambo lililokwisha kujulikana ni rahisi kuliko kutabiri lisilojulikana. Jaribio lilikuja tarehe 29 Mei 1919. Kivuli cha kupatwa kwa Jua kilitoka Amerika Kusini, kikavuka Atlantiki, kikaikatiza Afrika kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwanafalaki Arthur Eddington aliweka vifaa vyake katika kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea. Wenzake walikwenda Sobral nchini Brazil. Mawingu yalimtesa Eddington, na picha bora zaidi zilitoka Sobral. Nadharia ya Einstein ilisema nuru ya nyota inayopita kando ya Jua itapinda kwa sekunde za tao 1.75, wakati hesabu ya mtindo wa Newton ilitoa nusu ya hapo. Matokeo yaliyotangazwa London tarehe 6 Novemba yalikuwa upande wa Einstein.

Sasa ziwekwe kesi mbili pamoja. Katika kila moja kuna sayari inayopotoka, sheria inayoaminiwa, na pengo la kujaza. Kwa Uranusi, sheria ilisimama na sayari ikaongezwa. Kwa Zebaki, sayari zilibaki zilezile na sheria ikabadilishwa. Mezani pa Le Verrier hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha kesi ipi ni ipi. Uhakika aliouhisi mwaka 1846 na ule wa 1859 ulikuwa na ladha moja. Uhakika ni hali ya moyo wa anayefikiri. Haubadilishi chochote katika kinachofikiriwa.

Hapa ndipo hoja za wanafalsafa zinapopata mahali pa kukanyaga. Immanuel Kant, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1781, mwaka uleule wa Uranusi, alifundisha kwamba akili haipokei ulimwengu kama ulivyo. Huupokea kupitia miundo yake yenyewe, ikiwemo nafasi na wakati. Kuna ukweli mzito ndani yake: Galileo alikuwa na nuru akakosa muundo wa kuitafsiri. Lakini Kant aliichukulia jiometri ya Euclid kuwa ya lazima, kitu ambacho akili haiwezi kukikwepa. Einstein alikikwepa, na picha za kupatwa kwa Jua zikamuunga mkono. Hata ile miundo iliyodhaniwa kuwa ya kudumu, basi, inaweza kurekebishwa kwa shinikizo kutoka nje.

Mwaka 1960 mwanafizikia Eugene Wigner aliandika insha mashuhuri akishangaa jinsi hisabati inavyofaulu kuliko inavyostahili katika sayansi ya maumbile. Alikuwa na mifano ya kutosha. Paul Dirac aliandika mlinganyo wa elektroni mwaka 1928, na ndani yake kukajitokeza chembe pacha yenye chaji ya kinyume ambayo hakuna aliyeijua. Carl Anderson akaikuta katika miali ya anga mwaka 1932. Ila mshangao wa Wigner huongezeka kwa sababu tunazihesabu zilizofaulu. Vulkani haina ukurasa katika vitabu vya shule, na iko pamoja na milinganyo mingi mizuri iliyokosa mwenyeji duniani.

Aiskrimu ya Magamba

Zipo nyakati ambapo ulimwengu ndio hutangulia na fikra hukataa kufuata. Mfano wake maarufu ni wa Kitanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo. Akihofia kuikosa, Mpemba aliyaweka yake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, huku ya mwenzake aliyeweka ya baridi yakiwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wauza aiskrimu wa Tanga, kwa upande wao, walikuwa wakiyaweka yakiwa moto kwa makusudi, ili yagande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, alilirudia swali na kuchekwa; ikasemwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Kisha Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza kwa nini maji ya nyuzi joto 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike, na maji ya moto yakatangulia. Fundi wa maabara aliahidi kulirudia jaribio hadi lipatikane jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na leo wanafizikia wa dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ahadi ya fundi yule inachekesha, ila ndiyo hali yetu sote. Aliona kwa macho yake, na bado jibu sahihi kwake lilikuwa lile alilokwisha kuwa nalo.

Haki inadai kuongeza kwamba mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha wa maji kutenda hivyo; walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 watafiti wengine walionyesha athari ya aina hiyo, bila utata, katika mfumo wa chembe ndogo sana zilizoelea majini. Mpemba hahitaji kutetewa kwa kuambiwa alikuwa sahihi katika kila kitu. Alipoambiwa haiwezekani, alitaka watu wakapime. Hilo walimu wake hawakulifanya, ingawa jokofu lilikuwepo.

Neptuni au Vulkani?

Swali la Le Verrier liko mezani tena, safari hii kwa ukubwa wa galaksi. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima mwendo wa nyota na gesi katika galaksi ya Andromeda na nyingine. Kingo zake zinazunguka kwa kasi mno kulingana na kiasi cha mata kinachoonekana. Kwa sheria tunazozijua zingepaswa kusambaratika. Wengi wanajibu kwamba kuna mata isiyoonekana, kama mara tano ya ile ya kawaida. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alipendekeza njia nyingine: labda sheria ya mvutano yenyewe hubadilika pale mvuto unapokuwa dhaifu sana. Ushahidi wa pande kadhaa unaipa nguvu mata isiyoonekana, na wanafizikia walio wengi wako upande huo. Hata hivyo, mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi nchini Italia na Marekani kwa ajili ya kuinasa haijanasa chembe hata moja.

Hata mfumo wetu wa Jua una kesi yake. Mwaka 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown wa California walidai kwamba miili midogo iliyo mbali zaidi ya Neptuni imejipanga kwa namna inayoashiria sayari kubwa isiyoonekana, inayoitwa Sayari ya Tisa. Wapinzani wao wanasema mpangilio huo unatokana na sehemu za anga tulizozoea kuzipekua, na kwamba sayari hiyo ni ya kwenye karatasi tu.

Katika milima ya Chile, kituo cha kuangalia nyota chenye jina la Vera Rubin kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na kimepangiwa kupekua anga la kusini kwa miaka kumi. Mwishoni mwa kazi hiyo Sayari ya Tisa itakuwa imeonekana, au mahali pa kujificha patakuwa pamebaki padogo kiasi cha kuwalazimu waliopiga hesabu kuanza upya. Batygin na Brown wamekwisha kuchapisha ramani ya mahali pa kuitafuta, ili yeyote mwenye darubini ya kutosha aweze kuwaumbua.